Chelewa chelewa: Mbona simu hukatika na faiba ni ya kasi?

Binti wa jirani yangu hapa Kisauni alikuwa na mahojiano ya kazi mwezi uliopita. Ni kazi ya kuhudumia wateja kwa simu na kompyuta ukiwa nyumbani, na mahojiano yenyewe yalikuwa ya video. Alivaa vizuri, akafunga mlango, akaweka laptopu mezani. Ilipofika dakika ya tano hivi sauti ikaanza kukatika. Akiulizwa swali, jibu lake linawafikia wenzake vipande vipande. Akirudia, nao washaanza kusema. Mwisho akaambiwa, "Tutakujulisha." Hadi leo hajajulishwa.

Mamake alipigia simu kampuni inayowauzia intaneti. Kijana aliyepokea akamwambia apime kasi ya laini. Wakapima, ikasoma megabiti 20 kwa sekunde, kama walivyolipia. "Mama, laini yako iko sawa," akaambiwa.

Kwa kipimo hicho, kijana yule hakusema uongo. Shida ni kwamba walipima kitu kimoja, na kilichomwangusha binti ni kitu kingine. Walipima kasi. Kilichokosekana ni kufika kwa wakati.

Siku hizi faiba imeingia mitaani kwetu, kutoka Nyali hadi Mtwapa, kutoka Bamburi hadi Likoni. Vijana wanaitegemea kupata kazi, wazazi wanaitegemea kuzungumza na watoto walioko Doha na Jeddah, wagonjwa wanaitegemea kumwona daktari aliye mbali. Basi ni vizuri tuelewe sauti ya mtu husafiri vipi ndani ya uzi ule wa kioo, hukwama wapi, na nani ana jukumu la kuikwamua.

Kasi na wakati ni vitu viwili

Tuchukue mfano wa feri ya Likoni. Feri moja hubeba mamia ya watu na magari kwa safari moja. Ukihesabu watu waliovuka kwa siku nzima, utasema kivuko kina uwezo mkubwa. Hiyo ndiyo kasi inayoandikwa kwenye mabango ya intaneti: mzigo kiasi gani unavuka kwa sekunde.

Lakini ukifika pale nayo ndiyo inang'oa nanga, utangoja. Leo utangoja dakika tano, kesho dakika arubaini. Mwenye magunia ya nazi hatajali sana. Mwenye mgonjwa anayekimbizwa hospitali kuu atajali, na kwake idadi ya waliovuka siku hiyo haina maana yoyote.

Katika mtandao, filamu na picha ni kama magunia ya nazi. Simu yako huzipakua kabla hujazitazama, kwa hiyo zikichelewa kidogo hutajua. Sauti ya mtu ndiyo mgonjwa. Simu za intaneti hukata sauti yako vipande vidogo, mara nyingi vya milisekunde 20 kila kimoja, yaani vipande 50 kwa sekunde moja. Kila kipande lazima kifike kwa zamu yake. Kikifika wakati mazungumzo yashapita, simu ya mwenzako hukitupa. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linashauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka kinywa cha msemaji hadi sikio la msikilizaji. Ikipita hapo sana, watu huanza kukatizana maneno. Na ubaya mkubwa ni pale kuchelewa kunapoyumba, kipande hiki kifike upesi, kile kikawie.

Bahari haina kosa

Wengi wetu simu ikikatika husema ni "kebo ya baharini." Si ajabu, kwa maana sisi watu wa Mombasa ndio tunaozipokea kebo hizo. SEACOM na TEAMS zilifika hapa 2009, na nyingine zikafuata. Na kweli huwa zinaumia. Februari 2012 meli ilitia nanga nje ya bandari yetu ikakata TEAMS. Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika kule upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikawa ya kubahatisha nchini mzima.

Lakini hizo zikikatika, mtaa mzima hulia. Simu ikikatika kwako peke yako, na jirani anaendelea kucheka na mwanawe aliye Dubai, usiilaumu bahari.

Tupige hesabu. Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. TEAMS kutoka Mombasa hadi Fujairah, katika Falme za Kiarabu, ni karibu kilomita 5,000. Safari hiyo yote ya bahari humchukua mwanga takriban milisekunde 25 tu. Katika ile posho ya milisekunde 150, bahari imekula sehemu moja ya sita. Zilizobaki mara nyingi huliwa karibu na nyumbani, kati ya laptopu yako na mtambo wa kampuni ulio kilomita chache kutoka kwako.

Mti mmoja, nyumba nyingi

Faiba ya majumbani haiji kwako peke yako. Kampuni ina mtambo mkuu mahali fulani mjini. Kutoka hapo hutoka uzi mmoja wa kioo hadi mtaani kwenu. Pale kwenye nguzo au ndani ya kisanduku cha barabarani kuna kifaa kidogo kinachougawa mwanga, na kila tawi linaingia nyumba yake. Kifaa hicho hakitumii stima. Uzi mmoja unaweza kuhudumia nyumba 32, 64, hata zaidi.

Mfumo unaotumika sana huitwa GPON, na ITU ilianza kuuwekea viwango mwaka 2003. Kushuka, kutoka kwa kampuni kuja kwako, unabeba karibu gigabiti 2.5 kwa sekunde. Kupanda, kutoka kwako kwenda kwa kampuni, unabeba nusu yake, karibu gigabiti 1.25. Kushuka na kupanda hutumia rangi tofauti za mwanga ambazo jicho halizioni, ndiyo maana hazigongani ndani ya uzi mmoja. (Na ndiyo maana usiwahi kuchungulia ncha ya faiba iliyokatika. Kutoona mwanga hakumaanishi mwanga haupo.)

Kushuka ni rahisi. Mtambo mkuu unatangaza kama mwadhini, na kila nyumba inasikia yote lakini inachukua yake tu. Kupanda ndiko kwenye kazi. Nyumba mbili zikituma mwanga kwa wakati mmoja, miali itagongana kwenye kigawanyio na mtambo hautaelewa chochote. Kwa hiyo kila nyumba hupewa zamu. Mtambo mkuu ndio mwenyekiti wa baraza: wewe sema sasa, nyamaza, wewe wa pili sema.

Zamu hizi hupangwa katika vipindi vya maikrosekunde 125. Maikrosekunde moja ni sehemu moja ya milioni ya sekunde, kwa hiyo vipindi vinavyopita ni 8,000 kila sekunde. Nafasi ya kupumua kati ya nyumba moja kumaliza na nyingine kuanza ni ndogo mno, chini ya sehemu 30 za bilioni ya sekunde.

Sasa, nyumba haziko umbali sawa. Yako iko kilomita 1 kutoka kwenye mtambo, ya mwenzako iko kilomita 15. Mwanga wako hufika kwa maikrosekunde 5, wake kwa 75. Mkiambiwa nyote "semeni saa hii," wewe utatangulia na yeye atachelewa, na zamu zitavurugika. Kwa hiyo mtambo hupima kwanza umbali wa kila nyumba, halafu humwambia wa karibu asubiri kidogo kabla ya kusema, mpaka nyumba zote zionekane kana kwamba ziko umbali mmoja. Ni kazi ya ajabu, na inafanyika kimya kimya ndani ya kile kisanduku cheupe ukutani kwako.

Mgeni akipiga hodi

Hapa ndipo wahandisi walipoumiza vichwa. Jirani mpya anapounganishwa, au kisanduku kilichozimika kinapowaka tena, mtambo haujui kiko umbali gani. Haujampimia bado. Akiitwa, jibu lake laweza kufika wakati wowote na kugonga maneno ya wengine.

Suluhisho la zamani ni lile lile la barazani: mlango ukibishwa, wote wanyamaze ili wasikie ni nani. Kila baada ya muda fulani, mtambo unanyamazisha nyumba zote ili kusikiliza kama kuna mgeni anayepiga hodi. Mti ukiwa na matawi ya hadi kilomita 20, kimya hicho huchukua karibu maikrosekunde 250, yaani vipindi viwili vizima. Maikrosekunde 200 ni za mwanga kwenda na kurudi, na zinazobaki ni za kisanduku kupata muda wa kujibu.

Je, hicho ndicho kilichomkatiza binti wa jirani? La hasha. Maikrosekunde 250 ni robo ya milisekunde. Sikio la binadamu halina habari nazo.

Lakini kuna wasikilizaji wengine wenye haraka kuliko sikio. Mitambo ya 5G, iliyoanza kujaribiwa nchini mwaka 2021, inaweza kugawanywa sehemu mbili: antena ikae juu ya mlingoti mtaani, na ubongo wake ukae mbali, viungane kwa faiba. Katika baadhi ya miundo hiyo, ujumbe kutoka kwenye antena lazima umfikie ubongo ndani ya takriban maikrosekunde 100. Kimya cha 250 kikiingia katikati, ujumbe umeshaharibika. Mashine za viwandani zinazoongozwa kwa mbali nazo huwa na masharti yao ya kufika kwa wakati. Na kampuni zinatamani kutumia mti ule ule wa faiba ya majumbani kwa kazi hizi, maana kuchimba mtaro mwingine ni gharama. Bila mpango mzuri, kila jirani mpya anayeunganishwa anaitikisa antena inayohudumia mtaa mzima.

Kumpokea mgeni bila kuwanyamazisha wenyeji

Dawa zipo, na si moja.

Ya kwanza ni kufupisha kimya. Ikiwa kampuni inajua nyumba zote za mti huo ziko kati ya kilomita 2 na 5, hakuna haja ya kusubiri jibu la mtu wa kilomita 20. Tofauti ya kilomita 3 ni maikrosekunde 30 tu za kwenda na kurudi.

Ya pili ni kumpa mgeni mlango wake. Katika mfumo mpya zaidi wa gigabiti 50, ambao ITU ilipitisha viwango vyake 2021, kisanduku kipya chaweza kupiga hodi kwa rangi nyingine ya mwanga kabisa. Ni kama nyumba zetu za Kiswahili: mazungumzo ya barazani yanaendelea, na mgeni anaingia kwa mlango wa uani. Akishapimwa umbali, anapewa kiti chake barazani.

Ya tatu ni kupanga zamu kabla haja haijafika. Ubongo wa mnara wa simu ndio unaoamua kila simu ya mkononi itatuma lini. Basi ukiujulisha mtambo wa faiba mapema, zamu itakuwa wazi pale pale ujumbe unapowasili, bila kuomba na kungoja.

Ya nne, na hii ndiyo inayotugusa sisi wa majumbani, ni kuheshimu madaraja ya zamu. Mfumo wa GPON unaruhusu zamu za aina kadhaa: zamu ya kudumu ambayo hutolewa hata kama huna la kusema, zamu iliyohakikishwa unapoihitaji, na zamu ya makombo inayotokana na kilichobaki. Kampuni ikikuuzia simu ya mezani kupitia faiba, kwa kawaida sauti hiyo huwekwa daraja la juu. Lakini simu ya WhatsApp au mahojiano ya video mara nyingi husafiri daraja moja na filamu na picha, yaani hula makombo. Saa mbili usiku, watu wote wakiwa nyumbani, gigabiti 1.25 za kupanda zikigawiwa nyumba 32 zinazotuma kwa pamoja ni megabiti 39 hivi kwa kila moja. Mti ukibebeshwa nyumba 128, ni chini ya 10.

Foleni iliyo ndani ya nyumba yako

Tulirudi na binti yule kuchunguza. Tukapima tena, safari hii tukitazama muda wa kwenda na kurudi. Nyumba ikiwa imetulia, muda ulikuwa mzuri. Kisha kaka yake akaingia, simu yake ikashika Wi-Fi, ikaanza kupandisha video za harusi ya binamu yao kwenye hifadhi ya mtandaoni. Hapo hapo muda ukaruka hadi zaidi ya sekunde moja.

Kilichotokea ni hesabu rahisi. Kifurushi chao kinashusha megabiti 20, lakini kinapandisha 5 tu. Ruta nyingi zina tumbo kubwa: badala ya kukataa mzigo, zinaupanga foleni. Foleni ikijaa megabaiti 1, ambayo ni megabiti 8, itachukua sekunde 1.6 kuisha kwa kasi ya megabiti 5. Sauti ya binti ilikuwa imesimama nyuma ya foleni hiyo. Sekunde 1.6 ni zaidi ya mara 60 ya muda wa mwanga kutoka Mombasa hadi Fujairah.

Tatizo hili lina dawa inayojulikana. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha njia ya kusimamia foleni kwa kutazama kila mzigo umengoja muda gani, badala ya kutazama foleni ina urefu gani. Ruta nyingi za leo zina mpangilio wa namna hiyo, au angalau wa kuitanguliza sauti. Lakini mara nyingi umezimwa, na fundi anayekuja kufunga faiba hana muda wa kukueleza.

Ukitaka kujaribu nyumbani: zuia upandishaji wa jumla kwenye ruta uwe chini kidogo ya kifurushi chako, tuseme megabiti 4.5 badala ya 5, uwashe mpangilio wa kusimamia foleni. Zima uhifadhi wa picha wa moja kwa moja kabla ya kikao muhimu. Na ukiweza, unganisha laptopu kwa waya, kwa sababu Wi-Fi nayo ina zamu zake, na kuta za matumbawe za nyumba zetu za zamani hazina huruma nayo.

Waya ukikatwa, stima ikipotea

Kuna kukatika kwingine ambako hakuna mpangilio wa ruta unaoweza kukutibu. Greda inayochimba barabara ikikata shina la mti, nyumba zote za mti huo zinazimika. Viwango vinaruhusu kampuni kuweka mashina mawili yanayopita njia tofauti hadi kwenye kigawanyio, moja likikatika jingine lichukue kazi kwa muda mfupi sana. Hilo ni suala la gharama, na mara nyingi mitaa ya kawaida haipewi.

Stima nayo. Kigawanyio hakihitaji umeme, lakini kisanduku chako na ruta vinahitaji. Betri ndogo ya volti inayolingana na vifaa hivyo inaweza kukuvusha saa kadhaa.

Na kuna adui asiyejulikana: kisanduku kibovu ambacho taa yake ya lesa imegoma kuzima. Hiki hakingoji zamu. Kinasema juu ya kila mtu, na nyumba nzima nzima hupoteza mawasiliano bila waya wowote kukatika. Ndiyo sababu usichomeke kwenye faiba kifaa ulichookota au kununua kiholela. Unaweza kumnyamazisha jirani yako bila kujua.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Muuzaji wa intaneti akija mlangoni, usiishie kuuliza "ni megabiti ngapi?" Muulize: kupandisha ni ngapi, si kushusha tu? Mti wetu unabeba nyumba ngapi? Saa mbili usiku, laini ikiwa na kazi, muda wa kwenda na kurudi huwa ngapi? Shina likikatwa, kuna njia ya pili? Ruta hii ina mpangilio wa kusimamia foleni, na mtaniwashia?

Baadhi ya wauzaji watashangaa. Wacha washangae. Mteja mmoja akiuliza ni usumbufu, lakini mtaa mzima ukiuliza kampuni italazimika kutafuta majibu. Na Mamlaka ya Mawasiliano, inayosimamia ubora wa huduma hizi, ingetufaa sana kama ingezitaka kampuni zitangaze hadharani kuchelewa kwa laini zao jioni, kwa uzito ule ule zinaotangazia kasi.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Faiba ni mgeni mwema mitaani kwetu. Lakini mwenyeji hatapona kwa kuonyeshwa namba kubwa kwenye bango, kisha sauti yake isifike alikoituma. Binti wa jirani ana mahojiano mengine wiki ijayo. Kaka yake ameshaahidi kuzima simu. Ruta tumeirekebisha. Yaliyo nje ya mlango wa nyumba yao, hayo ni ya kampuni.